Kitabu cha Shangazi Kimetawanyika

Shikamoo Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono maana nimepotelea mahali peupe. Naishi na shangazi yangu, mkunga mstaafu, na kila mchana nyumba ikiwa kimya na pazia likipepea yeye hujilaza kwenye kochi, hufumba macho na kunisimulia maisha yake, nami nachapa kwenye kompyuta, na sauti yake ni laini mno hata naona kama nilikuwepo kila mtoto alipolia mara ya kwanza, basi akinyamaza nabonyeza kitufe cha nafasi, ti ti ti, ili aya isogee ndani, na sura ikiisha nabonyeza Enta mpaka ukurasa mpya ujitokeze, mweupe kama shuka iliyofuliwa, nasahau hata nilipo. Kitabu kikapendeza. Juzi akasema, "Mwanangu, macho yamechoka, hebu kuza herufi nijisomee mwenyewe," nikazikuza, na kila kitu kikahama, vichwa vya sura vikazama chini ya kurasa, aya zikaelea huku na huku, kurasa nyingine tupu kabisa, nami bila kuangalia nikamtolea nakala kwenye printa. Alisoma kidogo, akaiweka mapajani. "Kumbe ndivyo ninavyosimulia siku hizi," akasema. "Akili imeanza kuniaga." Nilijua ni mimi, lakini sikukiri, kwa sababu ukoo mzima unaniita Mtaalamu, na tangu hapo hasimulii tena, anatazama dirisha tu. Nifanyeje?

Mtaalamu wa Uongo

*

Binti yangu, barua yako ni tamu, nusura nisinzie nayo, kisha nikafika hapo kwa shangazi nikaamka na hasira. Umemwacha mama wa watu aamini akili inamtoka ili wewe ubaki na cheo? Aibu! Kutojua kompyuta si kosa. Hapa ofisini wapo wanaopanga aya kwa kidole gumba mpaka leo, na mshahara wanapokea.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Hifadhi nakala ya pembeni kwanza, usije ukalia mara mbili. Iambie kompyuta ikuonyeshe alama zilizofichika, uone madoa ya nafasi na Enta uliyoyamwaga, ufute ya ziada yote. Kisha fungua mitindo, yaani maagizo ya jinsi maandishi yakae. Aya za kawaida zipe mtindo mmoja, na huo ndio usogeze mstari wa kwanza, si kidole chako. Vichwa vya sura vipe mtindo wake, uuagize kila sura ianze ukurasa mpya. Hapo ukikuza herufi ndani ya mtindo, kitabu kizima kitafuata kwa adabu.

Lakini usianze na hayo. Leo, kabla hujagusa kompyuta, kaa karibu naye umwambie, "Shangazi, ni mimi niliyeharibu, wewe ulisimulia sawasawa." Akikukaripia, pokea, umeyataka mwenyewe. Akinyamaza, usiondoke. Kurasa zitakungoja hata mwezi mzima. Yeye anaamka kila siku akiamini amekwisha, na duniani ni wewe peke yako unayejua kwamba haumwi.