Nawasilisha kwa Uamuzi Wako

Jumanne, 6 Septemba 1994

Upepo tena. Vumbi limeingia mpaka ndani ya mashine ya chapa, herufi zinakwama. Asubuhi nzima nimepiga madokezo, yale maelezo ya suala anayopelekewa Mkuu wa ofisi aamue, nikanywa chai ya rangi, nikatazama dirishani. Mlima Mlimwa ulikuwa unapotea na kurudi, unapotea na kurudi. Nadhani nililala macho wazi. Mkuu amepita mezani kwangu akauliza, "Penina, uko nasi?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa Msalato, shambani kwa baba, kati ya mistari ya mizabibu.

Jioni darasa la Mwalimu Kaaya, hapa hapa mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Sote watu wazima tunaorudia Kiingereza cha kidato cha nne. Manesi, askari, na mimi karani. Mtihani Novemba. Nikifaulu, mwakani naenda chuo kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Nikishindwa, basi. Nilishashindwa kabla, na ofisi imesema hii ndiyo ruhusa ya mwisho.

Mwalimu ametupatia insha ya kutoa maoni. Rasmi. Mada: ardhi iuzwe na kununuliwa kama mali nyingine yoyote. Wenzangu wameguna. Mimi nimefurahi. Kuandika rasmi ndiyo kazi inayonilisha.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimemsindikiza dada Yusta mnadani Msalato. Siku hizi kila mtu anauza kitu, na dada anauza mitumba. Anafungua belo la nguo kama anafungua zawadi yake mwenyewe. Ananusa, anakung'uta, anacheka na wateja. Ndiye aliyenilea wazazi walipotutoka. Amenisomesha, amenivisha, na kila jambo la nyumba yetu anaamua yeye.

Jua lilipopanda nikatoroka kwenda shambani, si mbali na mnada. Mavuno yamekwisha. Wanunuzi wa zamani hawaji tena kama walivyokuwa wakija enzi za baba, kwa hiyo zabibu nyingine zimekaukia mtini na nyuki wamejaa. Mama Janeti, jirani anayetuangalizia shamba, akanisalimia kwa mbali, "Mbukwenyi!" Nikaitikia. Kigogo changu kibovu, anakicheka kila mara.

Nikalala chini. Majani juu yangu yana rangi ya chai ya maziwa. Baba alikuwa anapiga mluzi akikata matawi, wimbo wa kanisani lakini taratibu mno, mpaka unakuwa wimbo mwingine. Nimeusikia leo. Nimeusikia kabisa. Niliporudi dada akaniuliza nimeota nini, nina nyasi kichwani.

Jumanne, 13 Septemba

Aibu. Insha imerudi.

Kiingereza hakina makosa makubwa. Nimeeleza faida za kuuza ardhi: mtu anapata mtaji, ardhi inakwenda kwa mwenye uwezo wa kuiendeleza. Nimeeleza hasara: wenye nacho watanunua vijiji vizima, wenye shamba watageuka vibarua. Aya safi, zina namba. Na mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika kwa Kiingereza: nawasilisha kwa uamuzi wako.

Mwalimu amelisomea darasa. Askari alicheka mpaka akashika meza.

"Bi Penina," Mwalimu akasema, "mimi si Mkuu wako. Niamue nini?"

Nimetembea kurudi nyumbani masikio yanawaka.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimeangalia madokezo ya zamani masjala, yale niliyoandika mimi tangu niajiriwe. Yote yako hivyo. Kichwa cha habari. Historia ya suala. Upande huu. Upande ule. Naomba kuwasilisha. Ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza: karani halazimishi, karani anaweka mezani. Mkuu akikosea ni kwake. Akipatia ni kwake. Mimi jina langu liko chini kabisa, dogo, na hakuna anayelisoma.

Na nimeipenda kazi hii kwa sababu hiyo hiyo. Naandika na kuota kwa wakati mmoja. Hakuna anayenihitaji ndani ya sentensi.

Jumapili, 18 Septemba

Baada ya kanisa tulikuwa uani tunachambua mchele. Dada akasema, bila kuinua macho, kuna mtu anataka shamba la Msalato. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ada yangu ya chuo ingetoka hapo hapo, na nauli, na godoro. Akauliza, "Unaonaje?"

Nikamweleza. Shamba halituingizii kitu siku hizi. Kwa upande mwingine ni la baba. Ada lazima ipatikane. Lakini ardhi ikitoka hairudi. Niliongea vizuri sana. Kisha nikasema, "Utakavyoona wewe, dada."

Akaniangalia kidogo. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Haya."

Nimegundua sasa hivi, nikiwa naandika, nilichofanya. Nimempa dokezo.

Jumanne, 27 Septemba

Insha ya pili. Safari hii sikuwasilisha kwa mtu. Niliandika: inaonekana kwamba. Niliandika: baadhi ya watu wanahisi. Mwalimu amechora duara jekundu kila mahali. "Baadhi ya watu hawafanyi mtihani Novemba," akasema. "Wewe ndiye unayefanya."

Anasema wasahihishaji hawajali niko upande gani. Wanataka niwe upande. Bila hivyo nusu ya alama zinakwenda na maji.

Namchukia leo. Mzee wa watu, na masweta yake kwenye joto hili.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimekwenda Msalato peke yangu, na karatasi. Dada alikuwa na wageni.

Joto limesimama. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Mizabibu imekatwa, imebaki vishina vyeusi na nyaya, na kila kitu kwa mbali kinatetemeka kama kiko ndani ya maji. Nilikaa kwenye ukingo wa kisima cha baba kilichokauka. Nikaandika mada juu ya karatasi. Kisha sikuandika kitu kwa muda mrefu. Nikawaza jinsi Kiingereza kinavyoandika "mimi" kwa herufi moja tu, tena kubwa, imesimama peke yake kama nguzo ya uzio. Nikaiandika. Nikaitazama. Nikaogopa kidogo, kweli, kwa kitu kidogo hivyo.

Halafu sijui ilitoka wapi. Niliandika kwamba mimi sitaki ardhi iuzwe kama shati. Kwamba shati la mtumba likitoka kwangu lina mwili mwingine wa kuingia, lakini shamba likitoka hakuna shamba lingine ambako mkono wa baba yangu uligusa kila shina. Niliandika kwamba ninajua halileti faida. Niliandika kwamba nitasoma jioni, nitasoma polepole, nitapiga madokezo mpaka niote mvi, lakini mimi nalitaka. Karatasi ikaisha. Nilikuwa nalia na sikujua tangu saa ngapi.

Kumbe nalitaka. Miaka yote hii, na sikujua.

Mama Janeti alipita na kuni kichwani, akaniangalia, akaenda zake bila kuniita.

Jumanne, 11 Oktoba

Mwalimu ameisoma insha yangu mbele ya wote. Safari hii hakuna aliyecheka. Amepunguza mambo ya mkono wa baba, anasema mtihani si mazishi, lakini amenipa alama ya juu kuliko wote. Chini ameandika neno moja: hatimaye.

Sasa lazima nimwambie dada. Hapo ndipo pagumu. Kumwambia Mwalimu kwa Kiingereza ni kama kuvaa nguo ya mtu mwingine, unaweza kusema chochote ndani yake. Kumwambia dada Yusta kwa lugha yetu, uso kwa uso, ni kitu kingine. Nitasemaje? Sitaki unisomeshe kwa shamba la baba? Baada ya yote aliyonitendea?

Jumamosi, 22 Oktoba

Sikusema. Amerudi kutoka minada ya vijijini, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kunadi. Nimemchemshia maji ya kukanda. Nikaanza, "Dada, lile jambo la Msalato..."

Akanikata. "Wewe soma. Mambo ya nyumbani niachie mimi."

Nikamwachia. Nikakanda miguu. Kisha nikaenda chumbani nikakaa na hasira zangu. Si za kwake. Zangu mimi.

Jumapili, 30 Oktoba

Mtihani kwanza. Nimejipangia hivyo. Nikimaliza Kiingereza, siku hiyo hiyo namwambia. Nimeiandaa sentensi. Fupi. Nimeisema mbele ya kioo, nimeisema kisimani, nimeisema kanisani wakati wa matangazo. Dada, mimi sitaki tuuze.

Usingizini nilikuwa natembea kati ya mistari na kila shina lina karatasi imening'inia, na kila karatasi ni dokezo, na mimi napita nasaini. Nimeamka nimechoka.

Jumatatu, 7 Novemba

Naandika nikiwa nje ya chumba cha mtihani, chini ya ukuta, kwenye kivuli kidogo kilichopo.

Swali la insha: televisheni zinazoanza kuingia nchini zitawaharibu vijana. Toa maoni yako. Nilitaka kucheka. Mimi televisheni nimeiona dukani tu, nje ya kioo, tumejazana na watu tunaangalia mpira bila sauti. Lakini sikuangalia pembeni. Niliweka ile herufi mwanzoni kabisa na nikasema sikubali. Nikasema kijana haharibiwi na kuona, anaharibiwa na kunyimwa kuulizwa ameona nini. Aya baada ya aya, mimi, mimi, mimi. Nilimaliza wengine bado wanakuna vichwa.

Nimefaulu. Najua. Kitu hiki mtu anakijua mwilini.

Wingu zito upande wa mashariki. Nakwenda nyumbani kumwambia dada.

Jumanne, 8 Novemba

Jana nilisikia harufu ya pilau tangu njiani. Dada alikuwa amechinja kuku. Amevaa kitenge cha Krismasi, Jumatatu. Alinishika mikono yote miwili mlangoni akasema mambo yote yamekamilika. Mwenyekiti wa kijiji ameshuhudia, mnunuzi ametimiza malipo, ada iko tayari. Alitaka nisijue mpaka nitoke kwenye mtihani, nisije nikachanganyikiwa.

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Nilikuwa nayo hapa. Nikasema, "Shamba la baba?"

"Si nilikuuliza, Penina?" akasema. "Nilikuuliza hapo hapo uani. Ukasema nitakavyoona mimi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kushangaa.

Nikakaa nikala. Pilau lilikuwa zuri. Nilikula mpaka nikamaliza, maana amelipika kwa mapenzi, na kila tonge lilipita kama mchanga. Usiku mzima mvua ilinguruma mbali na haikunyesha.

Alhamisi, 17 Novemba

Ofisini. Mkuu amenipa suala la kuandikia dokezo, kuhusu viwanja. Nimeandika historia, upande huu, upande ule. Kisha nikaandika: kwa maoni yangu, tusitoe. Mkuu amelirudisha, amekata mstari huo kwa kalamu. Hakuuliza. Nimeandika upya bila mstari huo.

Sina hasira na dada. Nilitaka kuwa nazo, zingenisaidia. Lakini aliniuliza. Kati ya watu wote walionizunguka maishani, ni yeye peke yake aliyekuwa ananiuliza, na kila mara nilimrudishia swali lake likiwa limepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

Jumamosi, 10 Desemba

Mvua imeshika. Dodoma imekuwa kijani ghafla. Tumekwenda Msalato na dada kuchukua vitu vilivyobaki kwenye kibanda, jembe na ndoo na kiti cha baba kisicho na mgongo. Mnunuzi ameshashusha mawe ya msingi. Atajenga nyumba za kupangisha. Mistari ya juu imeshang'olewa. Ya chini bado, na imeanza kuchipua kama kwamba haijaambiwa.

Mama Janeti akaja na mwavuli wake uliovunjika. Akasalimia. Akatazama mawe, akatutazama sisi. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kumbe mlikuwa mnataka kuuza?"

Siku zote yeye ndiye hujibu. Safari hii dada alikuwa ananiangalia mimi, nami nikaelewa kwamba anasubiri.

"Mimi sikutaka," nikasema.

Mvua inanyesha juu ya ndoo. Dada akageuza uso kuelekea kule kwenye mistari ya chini.

"Hata mimi," akasema.

Dada alichukua kiti, mimi nikatundika jembe begani nikashika ndoo. Tulishikana mikono kwenye utelezi, mpaka barabarani. Matope yalishika viatu, tukavivua tukavitia ndooni.