Mabaka ya Mwanasesere wa Doreen

Jumamosi, Morogoro.

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Milima haionekani, njia ya mtaani kwetu ni tope tupu, na mimi nina kichefuchefu. Sina malaria wala sijala kitu kibaya. Nimeudhiwa na mtu. Nimekuja hapa intaneti kafe na viatu vyangu vya tope ili niandike, maana nikibaki nyumbani nitamfokea mama yangu bure.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu. Nashona wanasesere wa kitambaa kwa oda. Mtu anataka wa namna gani, ndivyo namshonea. Sufi ya kujazia naletewa kutoka Mkuyuni, kitambaa ni marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, na rangi ya ngozi naipika mwenyewe kwa majani ya chai na magome ya miti. Nilipoanza nilidhani hii itakuwa kazi ya kufurahisha watoto. Watoto kweli hawana tatizo, ni wateja wazuri kabisa. Shida ni hao wanaowaleta.

Nimeshaona vituko. Kuna bwana mmoja aliniletea nywele za mkewe zimefungwa kwenye karatasi, akataka nizishonee tumboni mwa mwanasesere, halafu akanikonyeza kana kwamba sisi wawili tunaelewana. Nikamwambia mimi ni mshonaji tu, waganga wako wengi, awatafute. Kuna mama mwingine alirudisha wa kwake kwa sababu eti usiku anamtazama vibaya. Hao wote niliwacheka jioni ile ile nikawasahau.

Wa leo nimeshindwa kumcheka.

Mama Doreen ana duka la vipodozi karibu na soko. Zamani alikuwa anatembeza vitenge mkononi, nyumba kwa nyumba. Milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia nchini, akahamia kwenye makopo ya krimu, na kusema kweli yamemnyanyua. Tangazo la duka lake ni yeye mwenyewe. Uso mweupe, shingo nyeupe, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, vifundo vya vidole tu ndivyo vimegoma. Sikuwahi kumsema. Mtu mzima na ngozi yake, mimi ni nani?

Mwezi uliopita alikuja kuagiza mwanasesere anayefanana na binti yake, Doreen, wa miaka sita, kwa ajili ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Akanipa picha ya studio. Taa ilikuwa kali, mtoto katoka kama kamwagiwa unga. Nikamrudishia, nikamwambia aniletee mtoto mwenyewe.

Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Ninavyo vipande vya marekani vya rangi zote, kuanzia kilichoguswa tu na chai hadi kilichochemka kutwa nzima. Naviweka kimoja kimoja juu ya mkono wa mtoto, mpaka kipatikane kinachopotea, nisione tena mkono unaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Cha Doreen kilikuwa kile cha kutwa nzima. Ni mtoto mweusi wa kung'aa, kachukua kwa baba yake. Muda wote alikuwa anacheka kwa kutekenywa.

Siku ya kumchukua mwanasesere, mama mtu akakunja uso. Akauliza mbona nimemkoleza hivyo. Nikamwambia nimempima, ndiye. Akasema basi pua niipunguze. Pua yenyewe ni fundo moja la uzi, nipunguze nini hapo? Akatoa kwenye mkoba mwanasesere wa plastiki wa dukani, wale wa nywele za njano wanaouzwa siku hizi kila kibanda, akaniwekea mezani niige. Sikuiga. Doreen alikuwa ameshamfunga wake mgongoni kwa kipande changu cha khanga, anazunguka naye chumba kizima anambembeleza. Mama yake akamchukua huku ananung'unika, nikajua yamekwisha.

Leo asubuhi wamerudi. Mama Doreen kaingia wa kwanza na mwavuli wake, Doreen nyuma kafunikwa mtandio mpaka mashavuni. Mwanasesere akatupwa mezani kwangu. Uso wake ulikuwa mabaka matupu, meupe kwa manjano, na mikono hivyo hivyo. Mama Doreen akaanza kwamba rangi yangu inachuja, kwamba nimemtapeli, na kwamba wanawake wenzake wote kanisani watalijua.

Naomba niseme ukweli, kwanza niliona aibu. Hakuna kitu ninachojivunia kama rangi yangu. Nikadhani labda chumvi ninayotia ili rangi ishike ilikuwa kidogo. Nikamgeuza, nikafunua gauni. Tumboni na mgongoni rangi ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni uso, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko, na miguu kuanzia pindo la gauni kwenda chini. Maji hayachagui namna hiyo. Nikamnusa, na mtu yeyote aliyewahi kukaa saluni anaijua ile harufu.

Ni mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi anayojipaka mama mtu.

Nikamwita Doreen. Akaja, akanipa shikamoo yake kwa adabu, nikamfungua mtandio taratibu. Mashavu yamebabuka, mekundu kama nyanya iliyomenywa, na chini ya jicho moja panatoa maji. Nikamuuliza nani kampaka. Alimtazama mama yake kwanza.

"Nilikuwa nampaka huyu afanane na mama," akasema. "Na mimi nikajipaka. Inawasha, anti."

Nilitaka sana kuamini kwamba mama hakujua. Nilimtazama nikitegemea atashtuka, atamkumbatia, atalia hata kidogo. Wapi. Alijua tangu mwanzo, mtandio alimfunga yeye mwenyewe. Akacheka, akasema watoto bwana, wanaiga kila wanachokiona, na dawa ya kidonda anayo dukani. Halafu akarudi kwenye kilichomleta.

"Wewe nishonee mwingine, ila safari hii awe mweupe kabisa. Asipouona huo weusi, hatakuwa na cha kupaka."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nikiyasimulia kwa maneno yangu mtadhani nimetia chumvi. Alinielekeza kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza mkono wa gauni uongezwe inchi moja. Na mtoto kasimama hapo hapo, anasikia kila neno.

Nimewahi kuchukizwa na watu, lakini hii ilikuwa kinyaa hasa, kama umefunua chungu cha mboga ukakuta funza. Nikamwambia simshonei. Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali leo hii, kwa daktari, asimpake tena kitu chochote kutoka dukani kwake. Akaniuliza mimi nimezaa wangapi mpaka nimfundishe kulea. Sijazaa, na anajua kwamba sijazaa. Akafungua mwavuli humo humo ndani, akamvuta Doreen mkono.

"Mwanasesere wenu huyu hapa," nikasema.

"Mwache, wa nini tena huyo?" akajibu.

Doreen aligoma mlangoni. Hakumtazama mama yake, alinitazama mimi.

"Anti, mtamtupa?"

Nikamwambia hatupwi.

"Hata kama hawezi kuwa mweupe?"

Nikasema hata kama. Sijui kama alisikia, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati na mama yake alishamtoa nje.

Tangu saa hizo sijashika sindano. Nilijiambia nimfumue yule mwanasesere, nimvalishe uso mpya wa kitambaa cha rangi yake, apendeze. Nimeghairi. Nikimtengeneza upya, nitakuwa nimemfundisha Doreen somo lile lile la mama yake.

Kesho Jumapili duka limefungwa, Jumatatu naenda dukani kwake, saa ambazo wateja wamejaa. Nitamwambia Mama Doreen mbele yao kwamba mtoto anahitaji daktari, na kama yeye hana nafasi, mimi ninayo. Akigoma, namfuata baba mtu kazini kwake. Nikifukuzwa na nifukuzwe, nikikosa wateja wa kanisa zima na nikose. Na mwanasesere nitakwenda naye, na mabaka yake yote usoni, nimkabidhi Doreen mkononi ili aone kwa macho yake kwamba hajatupwa.