Kosa la programu ya mchumba wangu linamfukuza Gakunzi kazini

Mama Pulchérie, nakuandikia nikiwa na hasira, nishauri kabla sijaharibu.

Mimi ni Samira wa mji wa Baraka, nafanya kazi kwenye bureau, yaani ofisi, ya ushirika wa wavuvi, na mchumba wangu Rashidi ndiye aliyetuandikia programu, kwa lugha ya kompyuta ya Python, inayoweka rekodi za usalama, yaani nani kaingia kwenye mfumo, kwa kompyuta gani, na kafanya nini, na sasa programu hiyo inasema mwenzetu Gakunzi, mtu wa Minembwe kule milimani, anaingia kila siku kwa kompyuta isiyojulikana, basi chef Casimir, mkuu wetu wa kazi, akamwita mwizi mbele ya wote na kumsimamisha, Gakunzi akasema, "Chef, mi naingiaka hapa hapa kwa kompyuta ya bureau, unionyeshe hiyo ingine," chef akajibu, "Mashine haidanganyake," na wengine wakaguna kwamba watu wa kule juu ndivyo walivyo, nami nikafungua rekodi zenyewe nikaona upuuzi mtupu: Rashidi ametenganisha sehemu za rekodi kwa nafasi tupu tu kati ya maneno na kuhesabu majina matatu, nom, postnom na prénom, yaani jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo, lakini Gakunzi Gisa hana postnom, kwa hiyo programu inapomsoma inachukua jina la kompyuta na kulifanya jina lake la tatu, na neno "kuingia" linalofuata inalisoma kama jina la kompyuta, ambayo bila shaka haijulikani!

Nikamwambia Rashidi. Akasema, "Unyamaze, Samira, mi nitatengeneza pole pole, hakuna muntu atajua. Unataka bantu banicheke mbele ya harusi?" Jumatatu Gakunzi anafukuzwa. Nampenda Rashidi, Mama, na mpaka leo nimenyamaza. Nifanye nini?

Samira, Baraka

Samira binti yangu, hasira yako ni ya haki, lakini mbona umeileta kwangu badala ya kwa Casimir? Unajua mtu hana kosa, halafu unawaza harusi!

Rashidi naye! Kukosea ni kawaida kwa wanaoandika programu. Kuacha mwenzako aitwe mwizi ili wewe usichekwe, huo ni uchafu. Na Casimir amenichukiza zaidi: mashine ilisoma ilivyofundishwa, na yeye akaiamini upesi kwa sababu ilimtaja mtu wa mlimani. Angekuwa mpwa wake wa Swima, huku huku ziwani, angetaka programu ikaguliwe kwanza.

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie Rashidi aende mwenyewe kwa chef. Akikataa, nenda wewe, ukiwa na rekodi ya Gakunzi jinsi ilivyoandikwa na jinsi ilivyosomwa, Casimir aone kwa macho yake. Kisha Rashidi aandike upya kwa mtindo wa JSON, kila sehemu na lebo yake; asiye na postnom, sehemu yake iachwe tupu lakini ibaki pale pale, na rekodi isiyosomeka ikataliwe waziwazi, programu isikisie. Aijaribu kwa mtu wa jina moja, mawili, hata manne, aone kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Na Casimir amwombe Gakunzi msamaha mbele ya wale wale waliosikia tusi.

Rashidi akivunja uchumba kwa sababu hiyo, mwache aende. Anayemtupa mwenzake ili asichekwe, siku moja atakutupa wewe.