Fisi Wangu Amependwa Kupita Kiasi

Mama Kulusumu, mshauri wetu wa redio, unisaidie, na kama lazima ucheke basi cheka kwenye maikrofoni Mbarara nzima isikie, maana mimi ni mzee wa darasa la nne, meno yameshahama ila mdomo bado mkimbizi hapa kambini Nakivale, na kila jioni wajukuu wakipukuchua mahindi nawapa hadithi ya Fisi, na huyo fisi si fisi, ni komanda aliyetushika kule Kivu akatupandisha mlima na mizigo ya askari wake huku tukilazimishwa kuimba "Mzigo mwepesi, baba mwema", na rafiki yangu Baudouin alianguka kwenye "baba", kwenye "mwema" hakufika, wakampiga mpaka basi. Jina la komanda silitaji, ndugu zake tunachota nao maji bomba moja, ndiyo nikamvika mkia, nikampa tumbo na mashuzi watoto wapende kusikiliza, na ule wimbo nikaufanya kiitikio wasiusahau.

Hawakuusahau, Mama! Kwenye sherehe ya mtaa wetu wa Base Camp mjukuu wangu Yvette alitoka na mkia wa kamba, akawapanda wenzake mgongoni wakiimba, watu wakapiga vigelegele, na Apolline, mjane wa Baudouin, aliyekaa mbele, akainuka akaenda zake. Nikamwuliza mtoto, "Fisi ni nani?" Akanijibu babu yake, "Eh Tate, fisi iko mutu muzuri! Iko inachekesha mingi. Sisi bote tunataka kuwa fisi." Na Jumamosi kuna harusi, wameuomba wimbo. Baudouin anakufa mara ya pili na mpiga ngoma ni mimi. Ninyamaze?

Mzee Emery

Mzee wangu Emery, nilicheka mpaka nilipofika kwa Apolline. Pole sana. Lakini ujanja wako umekula wewe mwenyewe! Fisi ulimpa mkia, tumbo, hata mashuzi. Baudouin ulimpa nini? Hadithi nzima hayumo! Jina la komanda unaliogopa, sawa, bomba ni moja. Jina la rafiki yako je, nalo litamkasirisha nani?

Nenda kwa Apolline leo, utani uuache nyumbani, umwombe ruhusa ya kumtaja mumewe. Akikataa, hapo ndipo unyamaze. Akikubali, simulia upya. Fisi ajambe, watoto wacheke. Kisha waimbishe, ukifika "baba", kata. Wakiuliza, "Tate, mbona umeacha?", waambie kulikuwa na Baudouin, alipenda chakula gani, alikutania vipi, na kwamba aliishia hapo. Yvette mwenyewe aende kwa wenye harusi akawaeleze.

Sikudanganyi kwamba watasikia. Wimbo ni mtamu, ulitengenezwa na fundi. Huenda Jumamosi ukumbi mzima ukaumalizia mbele yako, na mjane yumo.

Wewe ishia kwenye "baba".