Utomvu Machoni mwa Aloisi

Shuleni, mlimani juu ya Moshi
Jumanne, baada ya masomo

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kivuli chako cha mchana, mgongo umetulia, na mbuzi wote wamerudi. Nauliza kikohozi cha bibi kama kimemwacha, na kama mvua imefika huko Kondoa au bado mnaitazama ikinyesha kwa watu wengine. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakuambia hilo mapema ili Yosefina akifika kwenye habari mbaya usidhani ni mimi.

Yosefina, mdogo wangu, msomee mama polepole na usiruke kitu. Kuna mahali utaona aibu. Hapo kama jirani amekuja, mngoje aondoke.

Mama, ninaogopa. Rafiki yangu Aloisi amelala katika hospitali ya misheni, macho yote mawili yamefungwa bendeji, na hakuna anayejua kama ataona tena. Ni utomvu wa mnyaa. Ndiyo maana naandika. Nataka kukuuliza: Yosefina alipoingiwa na utomvu ule machoni alipokuwa mdogo, alikaa siku ngapi ndipo akaona? Nimejaribu kukumbuka, lakini nakumbuka kilio chake tu. Najua jibu lako litakaa njiani wiki mbili, na likifika macho ya Aloisi yatakuwa yameshaamua. Hata hivyo niambie.

Aloisi nilikwisha kukuandikia habari zake. Ni yule kijana wa Mkuu, kule Rombo, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kula mtori wao wa ndizi siku za kwanza, nilipokuwa nalia kwa kukosa ugali. Ananiita Mrangi, kwa kabila letu, hata mbele ya walimu, lakini mwingine akiniita hivyo kwa ubaya Aloisi anamfuata mpaka anyamaze.

Sasa nieleze huo mnyaa umetoka wapi. Mwalimu Anselmi, anayetufundisha habari za mimea, ana bustani ambayo ungeicheka. Watu wote wa huku wanapanda migomba na kahawa, yeye anapanda minyaa. Ile tuliyozungushia zizi la mbuzi bila kuitazama mara mbili, yeye anaiweka kwenye madebe na vyungu vilivyopasuka, akaipanga ukutani mwa darasa. Ana wenye pande nne na miiba miwili miwili. Ana mmoja ulionenepa chini kama kitunguu, na vidole vimejikunja juu yake. Ana mmoja mdogo aliouokota kwenye mawe karibu na ziwa Chala, na huo anaugeuza juani kila asubuhi kama mtoto mchanga. Huku mvua ni nyingi na minyaa huoza shina, kwa hiyo tunachanganya udongo na kokoto nyeusi za mtoni. Kipande kilichokatwa hatukipandi mpaka kilale kivulini siku nyingi na kidonda chake kishike ngozi. Jambo hilo nilikuwa nalijua kwa kumtazama marehemu baba akipanda ua wetu. Siku moja nilimwambia mwalimu kwa sauti ndogo, akafurahi, akanipa kazi ya kuandika majina ya minyaa kwenye vibao, maana mwandiko wangu umenyooka. Aloisi husema mistari yangu fundi anaweza kuitumia kujengea nyumba.

Jumamosi mwalimu alituchukua mimi na Aloisi, tukashuka mpaka tambarare, kwenye joto kama la kwetu. Alitaka tawi la ule mnyaa mkubwa wenye umbo la kinara cha mishumaa. Tuliupata mmoja mrefu kuliko nyumba. Mwalimu akapanda kichuguu kutafuta mwingine, akatuambia tuanze.

Hapa ndipo pananikosesha usingizi, mama. Baba alitufundisha kwamba mnyaa huukati uso wako ukiwa umeuelekea upepo. Unasimama upepo ukiwa mgongoni, uso umeugeuza, na mkono mwingine umeshika mchanga wa kupaka kwenye kidonda mara moja. Nilimwona Aloisi amesimama upande mbaya. Upepo ulikuwa unampiga usoni, shati limejaa kama mfuko. Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka jinsi siku iliyotangulia darasa zima lilivyonicheka niliposoma kwa sauti, na yeye Aloisi alicheka pamoja nao. Nikasema tu, "Utomvu wake ni mkali."

"Mrangi, mimi nimezaliwa mgombani," akasema. "Utomvu nimeoga nao. Utaharibu shati, basi."

Ya upepo sikuyasema. Akapiga panga.

Utomvu ulimrukia usoni, mweupe kabisa. Akacheka kwanza. Akajifuta kwa mkono wa shati, kama wanavyojifuta watu wa huku wanapokata mikungu ya ndizi, na kwa kujifuta hivyo akauingiza macho yote mawili. Nikamwona ameacha kucheka. Panga likaanguka.

Mwalimu alikuja mbio akammwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo, nayo hayakujaa bakuli. Tukaanza kupanda kurudi kwenye maji. Aloisi alishika shati langu nyuma. Mwanzoni alikuwa anatania, anasema sasa mimi ndiye mchungaji na yeye ndiye mbuzi. Halafu akanyamaza. Nilimsikia akihema tu, na shati langu likivutwa kila alipojikwaa. Nilianza kuhesabu hatua ili nisifikiri.

Tulipofika kwenye mfereji wa kwanza, ule unaopeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba yao ya migomba yenye nyumba katikati, mwalimu akasema, "Damiani, mwoshe na usiache. Naenda barabarani kusimamisha lori la kahawa."

Nikamlaza kifudifudi ukingoni. Nikamwosha kwa viganja, jicho moja, kisha la pili, mpaka mikono ikafa ganzi, maana maji ya huku yanatoka kwenye barafu. Hakuona nafuu. Alisema, "Kuna moto ndani, Damiani." Aliniita jina langu, na hilo likanitisha kuliko moto wenyewe.

Ndipo nikasikia mtoto mchanga analia katika nyumba iliyokuwa karibu. Nikakumbuka ulivyomkimbiza Yosefina kwa mama Tabu aliyekuwa ananyonyesha.

Yosefina, ni hapa.

Nilimwambia Aloisi aendelee kujiosha, nikaenda. Mlangoni alikuwapo bibi mmoja anamenya ndizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa shule, bibi. Mwenzangu ameingiwa na utomvu wa mnyaa machoni. Naomba maziwa."

Akaingia, akatoka na kibuyu. "Mpelekee anywe."

"Siyo ya ng'ombe, bibi."

"Mbuzi wetu amekauka."

"Siyo ya mbuzi."

"Ya nani basi?"

Nilitazama maganda ya ndizi miguuni pake. Nilitaka ardhi inifunike. "Ya mama wa huyo mtoto anayelia."

Alisimama akaziba mlango kwa mwili wake. "Nani kakwambia humu mna mzazi?"

"Nimesikia mtoto."

"Umemwona?"

"Sijaona mtu, bibi."

"Mzazi yuko ndani, hajatimiza miezi yake mitatu. Mtu wa nje hasogei mlango huu, tena mwanamume. Kwenu hamfundishwi?"

Sikujua desturi hiyo, mama. Aloisi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba huku mwanamke akijifungua hukaa ndani akilishwa na mama mkwe, na wageni hawamwoni mpaka siku atakapotoka kwenda sokoni amepambwa. Wakati ule nilijua tu kwamba nimekosa vibaya. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka kuondoka. Lakini kutoka mferejini Aloisi aliita, "Mrangi, uko wapi?" na aliita akielekea upande ambao sikuwapo.

Nikageuka tena. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kusema tangu nifike huku, "Mama yangu alimtibu mdogo wangu hivyo. Sitaingia. Nitatazama pembeni."

Ndani mwanamke akacheka. Akasema kitu kwa Kichagga. Bibi akamjibu kwa ukali. Yule akasema tena, taratibu, wala hakunyamaza mpaka bibi akachukua kikombe cha bati. "Tazama migomba," akaniambia. Nikaitazama migomba mpaka nikajua kila jani lililochanika.

Aliponipa kikombe akasema, "Anauliza mwenzako ni wa wapi."

"Wa Mkuu, Rombo."

Sauti ya ndani ikasema neno, na safari hii bibi mwenyewe akajizuia kucheka. "Anasema watu wa Mkuu wana maneno mengi. Siku yeye atakapotoka kwenda sokoni, mwenzako aje amshukuru mwenyewe. Aje na macho yake."

Nilimgeuza Aloisi chali, nikamtia matone machache machoni. "Maziwa gani haya ya moto?" akauliza. Nikamwambia anyamaze na afumbue macho. Kisha nikaendelea na maji mpaka lori lilipofika.

Hospitalini Sista aliniuliza tumemwosha kwa kitu gani. Nikasema maji ya mfereji. Akauliza kama ni mengi, nikamwonyesha mikono yangu ilivyokunjamana. Akasema, "Hayo ndiyo yatakayomsaidia, kama kitu kitamsaidia." Ya kikombe nilimwambia Jumapili, baada ya kujikaza sana. Alisema mtu mwingine akiingiwa niende na maji, na nikimaliza niende na maji tena. Hakunigombeza. Kwa hiyo sijui, mama, kama ni mama Tabu aliyemponya Yosefina, au ni ule mtungi mzima uliommwagia njiani.

Tangu Jumamosi hiyo nakwenda kila siku. Jumapili macho yalikuwa yamevimba kama ngumi. Jana Sista alipobadilisha bendeji Aloisi hakuona dirisha. Mwalimu Anselmi haingii bustanini. Madebe yamekaa vilevile, na ule mdogo wa Chala hakuna aliyeugeuza. Anajilaumu yeye, na mimi namwacha ajilaumu, na hilo pia linanitesa.

Leo nimemwambia Aloisi habari ya upepo. Nilisema yote, hata ile ya darasa kunicheka.

"Ungesema, nisingekusikia," akasema.

"Najua."

"Lakini ungesema."

"Najua."

Kisha akaniuliza kama huyo mama wa kihamba ana sauti nzuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe umesikia sauti. Mimi nataka kumwona." Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.

Sista anasema kesho Jumatano atazifungua bendeji na kuyaacha macho wazi. Barua hii nitaimalizia huko, kisha niipeleke posta.

Jumatano. Niko kwenye kiti kando ya kitanda chake. Sista anaosha mikono. Ngoja nitoe salamu, kwa sababu nikikaa bure nitatoroka.

Msalimie bibi, umwambie naota uji wake. Msalimie baba mdogo, yule wa ng'ombe, na shangazi anayefuma mikeka. Mwambie kaka mkubwa asikate ua wa zizi peke yake, na asimruhusu mtoto yeyote kusimama karibu. Msalimie mama Tabu, umwambie leo namkumbuka kuliko siku zote. Aloisi pia anakusalimu, anasema shikamoo mama wa Mrangi. Sista ameshika mkasi. Niombeeni, mimi mwanao

Damiani

Mama, nimefungua tena karatasi. Jicho la kushoto bado ni ukungu, na Sista hasemi kitu juu yake. La kulia ni jekundu na linatoa machozi kwenye mwanga. Alipoondoa pamba Aloisi alikaa ameinamisha kichwa, hakumtazama Sista wala dirisha. Mimi nilikuwa nimeishika barua hii magotini, sikuweza kumwuliza. Kisha akanyoosha kidole taratibu, akakiweka juu ya karatasi, kwenye mstari wa mwisho juu ya jina langu.

"Mrangi," akasema, "hapa umepinda."

Yosefina, mwonyeshe mama mstari huo. Hahitaji kujua kusoma ili auone.