Maji Chumbani kwa Mama

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mama ameagiza bomba. Si chakula, si dawa. Bomba! Tangu hospitali waturudishe nyumbani na tembe za maumivu tu, hajaomba kitu. Leo baada ya uji akanishika mkono. Lela, nataka maji yafike humu chumbani.

Nikadhani ni kwa ajili ya udhu. Kutoka kitandani hadi mfereji wa uani sasa ni safari. Nikamwambia nitakuwa nakuletea kwa ndoo. Akasema ndoo inamtosha aliye hai.

Nikaelewa. Nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo.

Mama ameosha maiti za wanawake wa Majengo tangu sijazaliwa. Akiitwa, anachukua kanga zake anaenda. Anajua nyumba ipi ina maji na ipi haina. Hataki aoshwe ukumbini kwa maji ya kuazima, watu wakimruka na majerikeni. Anataka chumbani mwake, pazia limeshushwa, maji yasikatike katikati.

Jumatatu, 4 Agosti

Fundi Gachanja amekuja. Ametoboa ukuta wa uani kupitisha paipu, akatoboa na tundu lingine chini la kutolea maji. Vumbi tele! Mama amejifunika uso kwa kanga, hakulalamika. Nadhani alizifurahia zile kelele.

Halafu Hanif akafika kutoka Kayole. Kaka yangu siku hizi huja na matunda ambayo Mama hawezi kuyala. Akauliza bomba la nini. Nikamwambia ukweli. Ningenyamaza! Akamgeukia Gachanja: toka! Unamchimbia mama yangu kaburi na bado anapumua? Mzee wa watu, kichwa kimejaa mvi, katolewa kama mwizi. Paipu zimelala ukumbini.

Nimempigia Gachanja jioni. Akasema pole dada, mimi sirudi kwenye nyumba yenye maneno kama hayo.

Na Mama alisikia yote. Kati ya chumba na ukumbi ni pazia tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga mwenyewe. Kwa nini nisifunge? Mimi ni fundi wa nguo, mikono yangu inanitii. Paipu zenyewe ni za plastiki, nusu inchi, na ncha zake zina tredi — ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu. Unaingiza ncha kwenye soketi, unazungusha. Katikati unaweka tepu nyeupe, nyembamba kama utando, maji yasipenye. Nikaiviringisha nilivyoona, kama mtu anayefunga bandeji.

Nikafungua valvu ya uani. Kila kiungo kikatiririka! Ukumbi wote maji. Bi Anisa wa chumba cha pili akatoka na tambara, tukadeki pamoja, hakuuliza swali hata moja. Yeye na Mama wameosha pamoja miaka mingi.

Mama akaita kutoka ndani: yamefika? Nikasema bado, Mama. Basi na mimi nitangoja, akasema. Akacheka. Mimi nilishindwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Dukani kwa Mbugua, anayeuza vifaa vya ujenzi. Nimempelekea kipande kimoja na soketi yake. Akaitazama tepu. Madam, umezungusha kinyume! Kila ukikaza soketi, unaikunjua tena. Akanionyesha: ncha ikutazame, tepu ifuate mkono wa saa, uivute ikaze kidogo, mizunguko michache basi. Nikamuuliza kuhusu katani, zile nyuzi ambazo mafundi huweka kwenye paipu za chuma. Akakataa. Katani ikilowa inafura, na plastiki haina subira, inapasuka. Na spana? Kaza kwa mkono kwanza. Spana kidogo tu mwishoni, usishindane nayo.

Akauliza ni bomba la jikoni? Nikasema ni la mama yangu, mgonjwa. Mwambie apate nafuu haraka, akasema.

Nikasema nitamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepasua. Elbo ya mwisho, kile kiungo cha kona kinachoushika mfereji wenyewe.

Viungo vingine vyote vilikuwa vimekubali. Pale tu palikuwa na tone. Tone moja! Nikaongeza spana. Likaendelea. Nikaongeza tena. Hanif hajapiga simu tangu Jumatatu, na kila nilipokaza nilimwona yeye. Tak! Ufa kutoka mdomoni hadi kwenye kona. Maji usoni, maji kitandani.

Nimebadilisha shuka Mama akiwa usingizini. Hakuamka. Mama huyu, ambaye kijiko kikianguka jikoni kwa jirani alikuwa anaamka! Nimemgeuza huku na huku kama mzigo mwepesi.

Amekuwa mwepesi mno.

Jumapili, 10 Agosti

Imeshika.

Elbo mpya. Tepu kwa mkono wa saa. Mkono, halafu spana kidogo, halafu nikaiweka spana mbali nisishawishike. Nikafungua valvu na kutandika gazeti chini ya kila kiungo. Nikapika, nikafua, nikarudi. Kavu. Kavu kabisa!

Nikamfungulia Mama mfereji asikie. Akageuza uso ukutani. Nilidhani ni furaha. Nilipomwinamia nikakuta analia, bila sauti. Akasema nilikuwa na kitu cha kungojea, Lela. Sasa kimefika.

Nilitaka kung'oa paipu zote. Ningezing'oa kwa meno. Labda Hanif aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Sijui. Nimefunga mfereji nikakaa naye mpaka akalala.

Jumanne, 12 Agosti

Hawezi tena kumeza tembe. Nazisaga.

Leo anasema lazima nijifunze. Bi Anisa magoti yamekwisha, hawezi kuinama, atakuwa wa kusimamia tu. Nikamwambia Mama, watu wapo, tutamwita mtu. Akanikazia macho. Nimeosha mama za watu, watoto wao wamesimama nje wanaogopa. Na wewe utasimama nje?

Nikasema siwezi. Akasema hukuweza paipu pia.

Nimempigia Hanif. Nimemwambia njoo, na usije na matunda.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

Asubuhi Mama alitaka tuanze. Bi Anisa kwenye kiti, mimi na beseni. Tukamfunika kanga kuanzia kifuani hadi magotini. Mama mwenyewe anaagiza, neno moja moja. Usinifunue. Pitisha mkono chini ya nguo. Anza kulia. Maji yawe taratibu, mwili unaumia hata kama hausemi. Nikaosha mkono wa kulia. Nilikuwa sijawahi kuutazama hivyo. Vidole vilivyozoea ndoo za watu, kucha fupi kabisa.

Hanif akafika tuko hapo. Akafungua pazia, akaona — akaliachia. Nikangoja makelele. Hakuna. Akasema kutoka upande wa pili, sauti imepasuka: Mama, mnafanya nini?

Namfundisha dada yako, Mama akasema. Wewe huoshi wanawake. Lakini maji unaweza kushika.

Hanif akazunguka uani, akasimama kwenye valvu, upande wa pili wa ukuta. Kupitia lile tundu la kutolea maji tunasikizana vizuri. Punguza, Mama anasema. Maji yanapungua. Ongeza. Yanaongezeka. Mara moja akamwambia umekuwa na mkono mzuri, na nikamsikia kaka yangu akivuta kamasi kama mtoto.

Tukamgeuza ubavu wa kushoto nioshe wa kulia. Nikauliza, hivi Mama? Akasema hivyo. Nikauliza, na mgongo?

Hakujibu.

Bi Anisa akainuka, magoti na yote, akaweka kiganja mbele ya pua ya Mama. Anapumua, akasema. Lakini mbali mbali. Sasa anamsomea Kurani, na ameniambia niketi, nisubiri. Nimemfunika Mama kanga kavu. Mkono wake wa kulia bado una maji, sijaupangusa.

Hanif anaita kupitia tundu la ukuta. Lela, nifunge?

Nimemwambia asifunge. Anauliza tena.