Meno Thelathini na Mawili ya Fundi Osmundi

Fundi Osmundi,

Watu walio hai wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yangu ni nzuri, mgongo tu ndio unaouma. Yako naijua, kwa sababu nilishika koleo siku tulipokufukia. Basi naziruka salamu nikwambie jambo lililonifanya niombe karatasi kwa mwalimu: imepanda. Baiskeli yako imepanda kutoka huku ufukweni mpaka Mbinga sokoni, na gunia la usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye karia, na sikuikokota hata hatua moja.

Nimeandika maneno hayo nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wenzangu wa kambi ya barabara wamenitazama wakaendelea kupika ugali wao. Wamenizoea. Tangu Jumatano nacheka hivi.

Lakini kabla ya kufurahi nina deni la maneno. Nilitakiwa kuyasema ulipokuwa hai, nikaona haya, ukafa.

Unakumbuka siku ile ya majaribio. Kijiji chetu kilikuwa na baiskeli moja tu, ya kupeleka usipa mlimani na kurudi na maharage, na kila aliyeipeleka Mbinga alirudi akisema ameisindikiza, hakuipanda. Gia ya mbele meno arobaini na sita, ya nyuma kumi na manane. Ulinieleza kwa kuchora mchangani: ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na nusu na ushei. Tambarare ni raha hiyo. Mlimani maana yake ni kwamba kila mzungusho unanyanyua mwili wako, gunia na chuma, hatua ndefu mno kwa mguu wa binadamu. Ukasema utaikata hatua.

Ukaenda kwenu Ukata ukarudi na gia ya nyuma, friwili ya meno ishirini na mawili, uliyobadilishana na katekista kwa jogoo. Ya mbele haikupatikana mahali popote. Ndipo ukachukua bamba la chuma la mashine ya kahawa iliyokufa, ukachora duara, ukakaa na tupa. Wiki tano. Nilikuwa nikitoka kuvunja mawe nakukuta umebana chuma kati ya magoti, mkeo Mama Rozi akikushikia upande wa pili na kukugombeza kwamba samaki wanaoza wewe unachonga meno. Meno thelathini na mawili, kama ya mtu mzima. Ulisema wewe mwenyewe umebakiwa na ishirini na tisa, kwa hiyo baiskeli imekuzidi.

Nikakuuliza kwa nini mbele uipunguze na nyuma uiongeze. Hukunijibu kwa hesabu. Ulinionyesha kule juu, ambako kwenu Wamatengo hulima kwenye miteremko ambayo kwetu Singida hata mbuzi angefikiri mara mbili. Ukasema shamba la kilimani mvua inalifagia lote likiwa kipande kimoja, ndiyo maana babu zenu walichimba ngolo, yale mashimo yanayopangana kama sega la nyuki, kila shimo likabeba maji yake kidogo. "Mlima haubebwi mzima," ukasema. "Unaukata vishimo, unabeba kimoja kimoja." Kisha ukaigonga ile gia kwa kucha. "Hizi ni ngolo zangu."

Nilielewa nusu. Darasa la nne langu liliishia hapo.

Siku ya majaribio Mwenyekiti alikusanya watu ufukweni. Akauliza nani ataipanda, wakanisukuma mimi, kwa sababu mtu wa kambi ya barabara hana ndugu hapa wa kumwonea haya. Nikapanda. Nikaenda kwenye ile njia iliyonyooka kandokando ya ziwa, tambarare kama mkeka, na miguu yangu ikazunguka mbiombio kama ya mtu anayefukuzwa, huku baiskeli ikienda mwendo wa bata. Mtoto alinipita kwa miguu. Watu walikuwa wakisubiri niseme kitu. Nikashuka, nikajifuta jasho, nikasema, "Hii inakoroga uji."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikacheka, Fundi. Nilifurahi kuchekewa vizuri mahali pa ugeni. Kuanzia saa ile baiskeli ikaitwa Mkoroga Uji, na wewe ukaitwa mtu aliyeharibu mali ya kijiji. Hukunitukana. Uliikokota mpaka kibandani kwako, na uliponipita ulisema kwa sauti ya kawaida, "Umeipima pasipo na mlima, mtu wa tambarare."

Ningekuja jioni ile kukuomba radhi. Sikuja. Nilisema kesho. Mvua zikaanza, tukahamishiwa Kitai kuziba mashimo, na niliporudi kifua kilikuwa kimekubana huwezi kumaliza sentensi. Nilikaa kando ya kitanda chako nikazungumzia bei ya tumbaku. Tumbaku, Fundi. Mtu anakufa namwambia habari za tumbaku.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Kijiji kimepata baiskeli mbili mpya, zile zile zenye arobaini na sita. Katibu Gaspari, ambaye unajua anapenda kengele kuliko safari, amejipa moja ya kuzungukia. Wiki iliyopita kwenye mkutano Mwenyekiti akasema Mkoroga Uji irudishiwe gia yake ya zamani, ile ya kuchonga itupwe, na kibanda chako kiwe ghala la nyavu. Mama Rozi alikuwa amekaa na akina mama. Aliangalia mikono yake tu, ile iliyoshika chuma wiki tano.

Mimi ni kibarua, sina sauti kwenye mkutano wa kijiji. Nilisimama hivyo hivyo. Nikasema jina la Mkoroga Uji nililitoa mimi, na nililitoa kwa ujinga, kwa sababu gia ya kupandia mlima tuliijaribu mchangani. Nikaomba nipewe gunia la usipa na siku moja. Nikiikokota hata kidogo, watupe gia na mimi niihamishe mashine yako ya kunolea kutoka kibandani kwa mikono yangu. Nisipoikokota, gia ibaki, kibanda kibaki, na zile mbili mpya zichongewe kama hii.

Mwenyekiti akauliza nani atashuhudia, isije ikawa nimeikokota vichakani. Katibu akasema atafuatana nami, tena na baiskeli yake mpya, bila mzigo, ili watu waone tofauti. Tofauti ikaonekana kweli.

Tulitoka jua linachomoza. Kwenye tambarare ya ufukweni Katibu alinipita kama upepo, akarudi, akanipita tena. Alikuwa anageuka kwenye kiti na kuniimbia, "Koroga, Rama, koroga, uji usiungue." Wanawake waliokuwa wakianika usipa waliitikia. Miguu yangu ilizunguka kama cherehani. Niliumia moyoni, lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: ukichagua gia ya safari ndefu usiulize tambarare, uulize mlima ulio mbaya kuliko yote, kwa sababu tambarare itakusamehe na mlima hausamehi. Nikaiacha tambarare initukane.

Halafu barabara ikainua kichwa.

Mlima wa kwanza Katibu alisimama juu ya pedeli, akayumba kushoto, akayumba kulia, akashuka. Akasema ameshuka kukaza nati. Nilimpita nikiwa nimekaa. Mlima wa pili hakutafuta sababu, alishuka tu. Kufika wa tatu alikuwa anasukuma kwa mikono miwili, shati limemgandia mgongoni, na kengele inalia yenyewe kwenye mawe. Nilipunguza mwendo ili aweze kunishuhudia, na yeye anatembea. Ndiyo, Fundi, nilienda mwendo wa mtu anayetembea. Sikupaa. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya kiti na gunia liko nyuma yangu, na mguu wangu ulikuwa unakanyaga mzigo unaoukubali.

Na ile sauti. Tik. Ulijua kwamba jino la kumi na tisa uliliacha refu kidogo, mnyororo ukilifikia unagonga. Ulisema utalirekebisha ukipona. Kila mzungusho, tik. Mwanzoni lilinikera. Baadaye nikaanza kulihesabu. Nilijipangia: usitazame kilele, hesabu tik ishirini, kisha nyingine ishirini. Ndipo nikaelewa ile nusu niliyoikosa. Hivyo ndivyo vishimo. Nilikuwa nalima ngolo kwa miguu.

Kona tunayoiita ya Sururu unaifahamu, mimi na wenzangu tuliichimba, tukavunja mipini hatuna idadi. Naijua kila jiwe lake, na kwa kuijua niliiogopa. Genge letu lilikuwa kazini palepale siku ile. Waliponiona wakaegemea makoleo. Katikati ya kona gurudumu la mbele likaanza kuinuka, gunia linanivuta nyuma. Nililaza kifua juu ya usukani mpaka kidevu kikagusa kengele. Mapaja yalikuwa yanawaka. Tik. Nikasema kwa sauti, sijui kwa Kiswahili au kwa Kinyaturu, kimoja kimoja. Tik. Mara moja baiskeli ilisimama kabisa, nakuapia, ilisimama kama mtu anayefikiri, na mguu wangu wa kushoto ukaachia pedeli ukitafuta ardhi.

Haukugusa. Jino lako lile refu likauma mnyororo, pedeli ya kulia ikashuka, tukasogea shibiri moja, kisha nyingine.

Juu ya kona nilishuka nikakaa chini, nikalia kidogo. Kupumzika kuliruhusiwa, kukokota ndiko kulikokatazwa. Wenzangu walinipa maji. Tulimngoja Katibu. Alipofika alikaa kando yangu, akanyoosha miguu, akaitazama baiskeli yako kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, ili vibarua wasisikie, "Kaka Rama, huwezi kunipa hii na wewe ukachukua yangu?"

Nikamwambia yake ni mpya.

"Ndiyo hiyo shida," akasema. "Mpya, halafu nimeibeba mimi."

Sikumpa. Nilitaka kumpa, maana alikuwa hoi, lakini safari ilikuwa yako.

Kutoka pale mpaka Mbinga kuna kupanda na kushuka, unajua mwenyewe. Kwenye miteremko niliziachia breki kidogo, upepo ukanikausha jasho, na pande zote mbili zilikuwa ngolo zenu, vishimo kwa vishimo mpaka juu kabisa. Nimeziona miaka mitatu nikizipita na sururu begani, sikuwahi kuzitazama. Tuliingia sokoni alasiri. Gunia likateremshwa halijalowa. Akina mama wa Mbinga waliuliza lori limekuja lini, nikawaambia halikuja lori, nimekuja mimi na Fundi.

Katibu alifika nimeshakula ndizi tatu. Na nimpe haki yake mtu yule: siku ya pili, mbele ya mkutano, alisimama akaeleza yote bila kuficha, hata ya kukaza nati. Alisema ameikokota baiskeli tupu, na mwenzake ameipanda iliyojaa. Watu wakageuka kunitazama. Mwenyekiti akavua kofia, akasema, "Kumbe marehemu alikuwa anakoroga mlima."

Hakuna aliyecheka, Fundi. Walipiga makofi. Mama Rozi ndiye aliyecheka, peke yake, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Kisha akauliza ni nani atakayeshika upande wa pili wa chuma, maana yeye sasa atashika tupa.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Kibanda kina mlango mpya. Bamba jingine limepatikana, na jioni nikitoka barabarani nashika chuma, yeye anachonga. Tumefika jino la tatu. Ananigombeza natetemesha. Mkataba wangu unaisha vuli, nitarudi Singida nikamwone mama yangu, lakini siondoki kabla ya gia zote mbili kufungwa na Katibu mwenyewe kuzipandisha kona ya Sururu. Hilo nakuahidi. Na nyumbani, watu wa kwetu watakaponiuliza nimeleta nini kutoka Ruvuma, nitachora mchangani kama ulivyochora.

Nisamehe ule uji.

Barua hii siwezi kuipeleka posta. Nitaikunja nyembamba niitie ndani ya bomba la chini ya kiti cha baiskeli yako, nikikaze, ipande na kushuka pamoja na usipa. Jana Mama Rozi alishika tupa akataka kulisawazisha lile jino la kumi na tisa, kwa vile sasa anajua kazi. Nikamshika mkono. Akaizungusha pedeli mara moja kwa kidole, akalisikia likigonga, akairudisha tupa kwenye msumari wake.

Lala vizuri, Fundi wangu. Mlima tumeubeba.

Ni mimi, mtu wa tambarare,
Ramadhani